Mtindi Kwenye Chumba cha Kukaushia Nguo

Mwalimu hakuwa mwalimu. Nianze hapo, maana watu wengi pale Rågsved, mtaa wetu huku Uswidi, walimpa heshima ya chaki na ubao bila kuuliza. Kazi aliyoifanya hadi akastaafu ilikuwa kupika katika shule moja huko Spånga, viazi vya kuchemsha na samaki wenye pembe nne, na jina la Mwalimu alipewa na sisi majirani kwa sababu huwezi kupanda naye lifti ukashuka bila kufundishwa. Ukiingia ghorofa ya chini na pakiti ya maziwa, kufika ya tano umeshaambiwa maziwa hayo yana nini, yamepungukiwa nini, na Wamongolia wangeyafanyia nini. Lifti yetu ni ya polepole. Nadhani aliipenda kwa sababu hiyo.

Somo lake lilikuwa moja tu, maziwa ya Asia. Usiniulize Mtanzania aliyemenya viazi vya Kiswidi maisha yake yote aliambukizwa wapi ugonjwa huo. Ninachojua ni kwamba jengo letu lina watu wa kila pembe, na kila aliyekwenda kwao likizo aliagizwa na Mwalimu kitu kinachonuka. Wengine huagiza khanga. Yeye aliagiza vipande vya jibini ngumu kutoka Nepali, madonge ya mtindi mkavu kutoka Irani, samli ya nyumbani kutoka Punjabi. Friji yake ilijaa vikopo vyenye majina, na daftari lake lilijaa mistari: protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, chumvi, kinakaa siku ngapi bila friji, kinamfaa nani. Mwisho wa kila mstari aliweka alama, kumi juu ya kumi ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Hakuna kilichowahi kupita saba. Hata samli ya yule mama wa Kipunjabi, ambayo kopo lake alilibusu mbele yangu, ilipata sita na nusu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza swali. Nilikuwa nimehamia jengoni mwezi huo, nikitaka kuonekana mwenye adabu.

"Mwalimu, kwani samli si ndiyo yenye nguvu kuliko vyote?"

Akaweka mfuko wake chini. Mtu akiweka mfuko chini ndani ya lifti, jua umepotea.

"Samli ni mafuta, mwanangu. Mafuta matupu yenye harufu ya heshima. Inakaa miezi bila kuoza, inatia utamu, ina vitamini kidogo, lakini ya kujenga mwili haina. Ukimpa mgonjwa samli peke yake umempaka grisi."

"Na ile jibini ya Wahindi, panir?"

"Hiyo inajenga. Maji yametoka, protini imebaki, mafuta yamebaki. Ila haiyeyuki, ukiipika wiki nzima bado ni tofali. Mzee asiye na meno utampa tofali alifanyie nini?"

"Basi ule mtindi mkavu wa Wairani."

"Kashki. Protini tele, chumvi tele. Unasagwa unatiwa kwenye supu. Mwenye presha mwonyeshe kwa mbali."

Nilishuka ghorofa ya tano, yeye anakaa ya tatu. Alikuwa amepitiliza kwa ajili yangu.

Ungedhani mtu wa namna hii anaoga maziwa. Kumbe alikunywa chai ya rangi, asubuhi na jioni, na chakula chake kilikuwa mkate mkavu wa Kiswidi na samaki wa kwenye kopo. Vile vitu vyake alivionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akatema kwenye kikombe kwa ustaarabu, akaandika. Siku moja nilimuuliza mbona hali anachokisifu. Akasema tumbo lake na maziwa hawasalimiani tangu ujana. Nikacheka hadi nikakaa kwenye ngazi. Yeye hakucheka. Alisema kinyozi hajinyoi, akapanda zake.

Upole hakuwa nao, nisimpambe. Alimwambia bibi arusi mmoja mbele za wageni kwamba keki yake ni sukari iliyovaa nguo. Kiongozi wa kwaya yetu alipewa ile jibini ya Nepali, churpi, kabla ya ibada, akaambiwa ni kitafunwa cha wapanda milima, kigumu lakini kina protini nyingi na mafuta machache. Hakuambiwa kwamba kipande kimoja hutafunwa saa nzima. Alikitafuna tangu salamu hadi sadaka, na kwaya ikaimba bila sauti ya pili. Mwalimu alikaa kiti cha nyuma akitazama saa yake na kuandika. Na huyo huyo aliwahi kwenda kwa basi hadi Norsborg kwenye theluji kumpelekea mama aliyejifungua chupa ya lasi, mtindi uliokorogwa na maji na chumvi kidogo, akaiacha mlangoni, akarudi bila kubisha. Aliogopa kusumbua. Kwenye lifti hakuogopa.

Sasa nifike kwenye chumba cha kufulia, ambako aibu yangu inaishi.

Majengo yetu yana mashine za kufulia za wote, ziko chini kabisa. Unashika zamu kwa kufuli dogo lenye namba ya nyumba yako, unalipachika kwenye ubao, na zamu hiyo Waswidi wanaiheshimu kuliko Krismasi. Pembeni kuna chumba kidogo cha kukaushia, chenye feni inayopuliza joto la upole saa zote. Wewe na mimi tunaona mahali pa kuanika shuka. Mwalimu aliingia na kipimajoto. Aliporudi juu alikuwa na uso wa mtu aliyepata urithi, kwa sababu joto la chumba kile ndilo hasa linalotakiwa na mtindi kuganda.

Basi kila Jumapili asubuhi Mwalimu alishika zamu ya kufulia na hakufua hata soksi. Alipanga sufuria zake kwenye rafu, akazifunika kwa taulo, akaketi nje kwenye kiti cha plastiki na daftari kama mlinzi wa benki. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee, nafua sare zangu nyeupe Jumapili, na sare hizo zilianza kunukia zizi. Nilivumilia. Kisha binti yangu akarudi shuleni na macho mekundu. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba wenzake wamemwita jibini.

Kwetu, ukikerwa na jirani, unabisha hodi, unakaribishwa chai, unaulizia afya ya watoto, mnaongea habari za mvua, halafu ndipo unalisema. Mimi niliruka yote. Nilichukua karatasi na kalamu nene, nikaandika kwa Kiswidi, kwa herufi kubwa: MAZIWA NI YA JIKONI. HAPA TUNAKAUSHA NGUO. Sikuweka jina. Nilibandika mlangoni, nikapanda ngazi mbio kama mwizi, maana lifti ilikuwa na mtu. Hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyogombana: wanaandika, wanabandika, wanakusalimia kwa tabasamu. Miaka kumi na moja nchini, na hicho ndicho Kiswidi changu cha kwanza kilichoeleweka mara moja.

Mwalimu aliibandua karatasi ile taratibu, akakwangua hata gundi iliyobaki. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Jumapili iliyofuata kufuli lake halikuwepo kwenye ubao, wala iliyofuata, na sare zangu zikanukia sabuni. Kwenye lifti aliendelea kufundisha kama zamani. Kuhusu chumba cha kukaushia hakusema neno.

Mwaka uliofuata mama yangu akaja kutoka Kitui. Alikuja kwa miezi mitatu, nyonga ikamwangusha mwezi wa pili, akabaki. Alikuwa amekonda kabla hajaja, na hapa akazidi. Daktari alitueleza kwa utulivu ule wao: nyonga inatengenezeka, lakini si kwa mtu mwepesi namna hii. Aongeze kilo nne, arudi baada ya miezi miwili na nusu. Asipoongeza, hatumpasui. Mwenyewe nilimalizia hesabu nikiwa kwenye treni. Bila kupasuliwa hatembei, na bila kutembea harudi kwake.

"Mimi sitakufa hapa," mama alisema. "Mahali jua linaingia kazini saa tatu na saa tisa limeshatoka."

Alisema hivyo halafu akakataa chakula. Walitupa vichupa vya kujenga mwili, vyenye ladha ya stroberi. Alivimimina kwenye chungu cha ua la dirishani, na ua likanenepa. Nilimletea filmjölk, maziwa ya Kiswidi ya kugandisha ambayo Wakenya wote wa hapa tunajidanganya kwamba ndiyo maziwa lala. Akaonja.

"Haya hayajalala," alisema. "Yamezimia."

Kazini nalisha mama za watu, kijiko kwa kijiko, na nasifiwa kwa uvumilivu. Nyumbani wangu alinifungia mdomo. Nilikuwa nalia bafuni huku nimefungua bomba, nitoke na uso uliooshwa. Siku ya tano ya hivyo nikashuka ghorofa ya tatu nikabisha hodi.

Mwalimu alipanda amevaa tai. Ndiyo, tai, kuja kumwona mgonjwa wa nyonga. Alimwamkia mama ingawa hawakupitana sana umri, akaketi, akaanza mahojiano: meno mangapi, presha ikoje, choo, nyumbani alipenda kula nini. Mama, ambaye daktari mwenye shahada alimjibu kwa kugeukia ukuta, alijibu yote hadi idadi ya meno.

Kisha Mwalimu akaenda jikoni kutazama friji. Mlangoni nilikuwa nimebandika ratiba ya dawa, kwa Kiswidi, herufi kubwa, ili wahudumu wanaokuja nikiwa kazini wasikosee. Alisimama mbele yake muda mrefu mno.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Inasomeka," alisema, akarudi sebuleni.

Nilidhani anatafuta kasoro ya lishe kwenye vidonge.

Uamuzi aliutoa kama hakimu. Panir hapana, mama ana meno manne. Kashki hapana, ana presha. Samli ndiyo, kijiko kimoja, lakini ndani ya kitu kingine. Hicho kitu kingine kiwe mtindi wa kuning'iniza: unaugandisha, unaufunga kwenye kitambaa, unauacha uchuruzike maji siku nzima, kinachobaki ni kizito, na kijiko chake kimoja kinafanya kazi ya viwili vya mtindi wa kawaida. Wahindi wanao, Waarabu wanao, kila mmoja anadai ni wake. Juu yake tende zilizopondwa.

"Tatizo," alisema, "siwezi kuutengeneza. Nyumba zetu zina digrii ishirini. Nimejaribu, mtindi unavikwa blanketi na bado unatetemeka. Kulikuwa na mahali pazuri kule chini. Kuna mtu hakupenda."

Alikuwa anatazama kikombe chake cha chai ya rangi. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa ajili yangu, wazi kabisa, nipite na aibu yangu. Na mimi nilifanya nini? Nilisema, kwa uso mkavu, "Watu wengine hawana utu kabisa."

"Wapo," alisema Mwalimu.

Nikamwambia nina zamu yangu ya Jumapili na nitashika na ya Alhamisi, tutumie kufuli langu. Akakubali. Wiki kumi tulifua nguo kwenye beseni la kuogea, binti yangu akinung'unika kwa Kiswidi fasaha, na sufuria za Mwalimu zikarudi kwenye rafu chini ya namba ya nyumba yangu. Sufuria ya kwanza niliisogeza karibu na feni kwa kiherehere, ikakatika mabonge. Alinipa mbili juu ya kumi. Ya pili nilifungua taulo kuchungulia. Akanipa tatu, akasema mtindi ni kama mtoto mchanga, ukimchungulia kila dakika hakui wala halali. Ya tatu alinipa nne na akaning'iniza mwenyewe kitambaa kwenye bomba la jikoni kwangu, tai imetupwa begani.

Mama alikula. Siku ya kwanza vijiko vitatu, na nilivihesabu nikiwa nimesimama mlangoni nisionekane. Siku ya pili bakuli nusu.

"Huyu mzee anajua kazi," alisema. "Mwambie asizidishe tende, mimi si mtoto."

Kila Jumamosi tulimpima. Mwalimu alisimama ukumbini amegeukia ukuta, kwa heshima, daftari mkononi, mimi nikasoma mizani kwa sauti. Wiki zilikuwapo ambazo mama hakuongezeka hata uzito wa kipande cha mkate, na Mwalimu akaandika tu, hakunifundisha kitu, na hilo lilinitisha kuliko mizani. Wiki ya mwisho mizani ilionyesha ameongeza kilo nne na kidogo zaidi. Mama alidai hicho kidogo ni sweta. Akapasuliwa. Akajifunza kutembea kwenye korido yetu, akimwamuru Mwalimu ampishe njia. Mwezi wa sita alipanda ndege kwa miguu yake, na hadi leo akipiga simu ananisalimia mimi kwa haraka, apate kumuulizia mzee.

Sikumwambia Mwalimu. Nilikuwa na miaka mitatu ya kumwambia, lifti ile ile, polepole ile ile. Kila mara niliamua ni wiki ijayo. Niliendelea kutengeneza mtindi kwenye chumba cha kukaushia, nikawa mtaalamu, nikawa nachosha watu kwa mazungumzo ya protini. Binti yangu anasema nimerithi ugonjwa.

Vuli hii walimhamishia Mwalimu kwenye nyumba ya wazee huko Norsborg, mwisho wa njia nyekundu ya treni. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, mchana. Mhudumu aliyenipokea aliniambia yale ninayowaambia jamaa za wagonjwa wangu kila wiki, kwa sauti ile ile: halii, hasumbui, ila hali. Nikamkuta ameketi dirishani. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola, tai imefungwa vizuri. Mbele yake kulikuwa na bakuli la supu ya matunda, limeganda juu.

"Hiyo," alisema bila kunisalimia, akionyesha supu, "ni maji yaliyopakwa rangi. Moja."

Nilitoa kopo langu. Mtindi wa kuning'iniza, samli kijiko, tende, si nyingi. Alilitazama.

"Unajua tumbo langu."

"Najua. Lakini kwenye huu, sukari nyingi ya maziwa imeliwa na vijidudu, na nyingine imeondoka na maji. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari," alisema. "Miaka yote hiyo. Sikuwahi kujaribu."

"Kwa nini?"

"Kama ningekuwa nimekosea?"

Nilimwekea kijiko mdomoni, kidogo, kama ninavyowafanyia wengine. Nilitazama mkono wake nione kama unatafuta kikombe cha kutemea. Haukutafuta. Alimeza. Akafumba macho, akayafumbua.

"Sita," alisema. "Sita kasoro. Umegandisha wapi?"

"Pale pale chini."

"Wanakuachia?"

"Wiki hii wamenibandikia karatasi mlangoni," nikasema. "Haina jina. Nguo zao zinanuka."

Sasa au kamwe, nikajiambia, nikaweka kijiko chini. "Mwalimu, ile karatasi ya zamani, ile ya kwako..."

"Wameandika kwa mkono?" alinikatiza.

"Kwa mkono. Imechorwachorwa, ilibidi niisome mara tatu."

Akatingisha kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeletewa samli iliyoungua.

"Ya kwako ilisomeka," alisema, akafungua mdomo kungoja kijiko.